Hasira ya Mtoto Mbele ya Mungu

Wazazi wanaoniletea watoto, shuleni asubuhi na chuoni, yaani madrasani, jioni, huniuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: mtoto akikasirika, amekosa? Baba mmoja aliniambia waziwazi kwamba hasira ni shetani, na shetani wa mtoto hutolewa kwa bakora. Bibi mmoja alisema mjukuu wake kazaliwa na kisirani, akaniomba nimsomee. Wengine hawasemi kitu, ila mtoto wao akinuna tu utaona mkono umeshapanda.

Hili ni swali la dini kabla halijawa swali la malezi. Kama hasira yenyewe ni dhambi, basi wajibu wetu ni kuing'oa kwa njia yoyote iliyo halali. Kama si dhambi, basi kila tunapompiga mtoto kwa sababu tu amekasirika, tunamwadhibu kwa jambo aliloumbwa nalo, na hilo tutaulizwa sisi. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Tanga, na jioni nasomesha wadogo chuoni, Ngamiani. Msimamo wangu ni huu: hasira ya mtoto ni dai, na dai halihukumiwi kabla halijasikilizwa. Kwa kuwa mtoto mdogo hawezi kulisema dai lake kama wakili, ni juu yetu tumfundishe njia za kulisema, kwa rangi, kwa ngoma, kwa hadithi na kwa mchezo. Naliona jambo hili kuwa sehemu ya kumfunza dini.

Nianze na hoja iliyo nzito dhidi yangu. Katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi ya Abu Huraira kuhusu mtu aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akaomba wasia. Akaambiwa asikasirike. Akarudia ombi lake, na kila aliporudia jibu likawa lilelile. Wengi wetu huishia hapo: si tumeshakatazwa? Lakini wanazuoni walioisherehesha hadithi hii waliona kwamba mtu hakatazwi jambo linalomjia bila hiari yake. Anachokatazwa ni kuyaendea yanayoichochea hasira na kuyatenda yale inayomwamuru.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaieleza hasira katika Ihyaa Ulumid-Din kuwa nguvu aliyotiwa binadamu ili ajilinde. Anaigawa daraja tatu. Wapo waliopungukiwa nayo hata hawalindi heshima zao wala za watu wao, na hao anawalaumu. Wapo waliozidiwa nayo ikawatawala akili, na hao pia anawalaumu. Anaowasifu ni wa katikati, ambao hasira yao inangoja amri ya akili na ya dini. Qurani nayo, katika Sura Al Imran, inawasifu wanaozuia ghadhabu zao na kuwasamehe watu. Ghadhabu wanayo, ndiyo maana wana cha kuzuia. Na katika Sura Al-A'raf tunamwona Nabii Musa akirudi kwa watu wake, akawakuta wanaabudu ndama, akazitupa mbao na kumshika nduguye Harun kichwani, akamvuta. Hasira ilipomtulia, aliziokota mbao zilezile. Hakuna anayethubutu kusema Musa alikuwa na kisirani.

Wakristo, ambao watoto wao nawafundisha shuleni pamoja na wetu, wana habari za namna hiyohiyo. Katika kitabu cha Mwanzo, Kaini alipokunja uso, Mungu alimwuliza kwanza kwa nini amekasirika, akamwonya juu ya dhambi iliyo mlangoni. Swali lilitangulia, nalo liliulizwa damu ikiwa bado haijamwagika. Naye Paulo, akiwaandikia Waefeso, aliwaagiza akina baba wasiwachokoze watoto wao hadi wakaghadhibika. Aliyeagizwa pale ni mtu mzima.

Mambo haya yanamhusu kila binadamu. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita kuna nyongeza moja: hajui kinachompata. Kifua kimembana, mikono inamwasha, machozi yanamtoka na haijui sababu. Mtu mzima anaweza kusema, "Nimekasirika kwa sababu nimesingiziwa." Mtoto ana "Sitaki!" peke yake, na hiyo anaitumia kwa njaa, kwa usingizi, kwa wivu, kwa kuonewa na kwa aibu. Tunapomwambia azuie hasira, tunamwambia azuie kitu ambacho hajakijua. Ndiyo maana anazuia uso tu. Ananyamaza, anameza mate, kisha anakwenda kumfinya mdogo wake nyuma ya nyumba.

Darasani kwangu tuna somo la kanga. Watoto wa pwani wanaijua kanga kabla hawajajua kutembea, maana wamebebwa mgongoni kwa kanga. Nakata karatasi za manila, kila mtoto anapata kipande kirefu. Tunaanza na pindo, mstari mpana wa rangi kuzunguka pande zote nne. Kisha mji, pale katikati, anachora kitu kimoja kinachohusu siku aliyokasirika. Chini ya mji tunaacha nafasi ya jina la kanga. Hawajui kuandika bado, kwa hiyo kila mmoja ananinong'oneza maneno yake nami nayaandika kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Sharti ni moja: hakuna kutukana mtu wala mamaye mtu.

Kulikuwa na msichana aliyekuwa akiwauma wenzake. Mama yake, muuza samaki, alishamchapa kwa hilo, na walimu wengine walishashauri apelekwe akasomewe. Siku ya kanga alipaka pindo jeusi, akarudia juu yake kwa jekundu mpaka karatasi ikalowa. Kwenye mji alichora kikombe kimoja, kidogo, chenye mkono wake. Nikamwinamia anitajie jina. Akaniambia sikioni: "Kikombe alivunja mgeni." Nikaandika hivyo hivyo.

Zile kanga tulizitundika kwenye kamba darasani. Mama yake alipokuja kumchukua, ndoo ya samaki mkononi, aliisoma akaniuliza, "Mwalimu, haya nani kaandika?" Nikamjibu kwamba mkono ni wangu, maneno ni ya mwanawe. Akaiweka ndoo chini. "Kweli," akasema, "siku ile nyumbani kulikuwa na mgeni." Kikombe kilivunjika, mgeni akanyamaza kwa haya, mtoto akasema si yeye, na akachapwa mara mbili: kwa kuvunja na kwa kusema uongo. Kuuma hakukwisha siku hiyo. Kulipungua taratibu, baada ya mama kumkalisha mwanawe na kumwambia kwamba alisema kweli.

Tulitazame jambo hilo kwa jicho la dini. Yule mtoto alisema kweli, na kwa kusema kweli akaadhibiwa. Tulichokuwa tukikiita shetani kilikuwa ushahidi uliokosa baraza. Tungempiga zaidi, tungemfundisha somo moja tu, kwamba ukweli hauna faida kwa mdogo.

Sisemi kwamba kila dai la mtoto ni la haki. Mvulana mmoja alitia kanga yake jina: "Mdogo wangu kanichukulia mama." Mtoto mchanga hakumchukua mtu, na mama hakumkosea mwanawe kwa kuzaa. Dai lake halikuwa la haki, lakini maumivu yake yalikuwa ya kweli. Lilipokwisha kutamkwa, mama aliweza kumjibu. Alianza kumpa kazi ya kumshikia mdogo wake sabuni wakati wa kuoga, watatu pamoja. Mwenye kutaka kujua wivu wa ndugu usioshughulikiwa unafika wapi, aisome Sura Yusuf. Wale walikuwa wana wa Nabii, wamelelewa katika nyumba ya ibada, na bado walimtupa ndugu yao kisimani. Walikuwa wamesemezana wao kwa wao tu kwamba baba anampenda Yusuf kuliko wao.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba sisi watu wa pwani tunajua sana kuipa hasira umbo lililo zuri, ila tumejiwekea wenyewe watu wazima. Mwanamke aliyekosewa na jirani hapigani kisimani. Anakwenda dukani, anachagua kanga yenye jina linalofaa, anapita nayo mlangoni kwa mwenziwe. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa mwanzoni mwa karne ya 19, aliitamka kwa mashairi hasira ya mji wake dhidi ya Seyyid Said, sultani wa Omani, siku ambazo Mazrui, watawala wa Mombasa, walikuwa wakipigania ngome yao. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, na kufariki mwaka 1950, aliimba habari ya Kijiti, mwuaji wa mwanamke aliyekwenda Unguja matembezi. Kijiti alitoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Mji mzima ulighadhibika, na ghadhabu ile ikapata sauti, udi na ngoma. Watu waliuimba wimbo huo miaka mingi baada ya mahakama kuisahau kesi. Kutunga na kujibizana ni adabu zetu za kale za kugombana bila kuumizana. Kwa nini basi mtoto, aliye dhaifu kuliko wote nyumbani, asirithi hata kipande chake?

Chuoni tuna somo jingine, la makopo. Kila mtoto huja na kopo tupu la maziwa na kijiti. Nawaambia: nipigieni hasira ya kunyang'anywa gololi. Wanapiga kwa nguvu, haraka, na inakwisha upesi. Sasa nipigieni hasira ya kuchekwa mbele ya watu. Hapo mkono unabadilika. Wengi wanapiga polepole, wengine wanalifunika kopo kwa kiganja ili mlio usitoke. Kisha mmoja anapiga bila kusema, wenzake wanabuni ni hasira ipi: ya kuonewa, ya wivu, ya njaa, ya kusingiziwa. Wakibuni sawa, uso wa mpigaji unakunjuka. Mtoto aliyejifunza kutofautisha hasira ya njaa na hasira ya kuonewa ameanza kuijua nafsi yake, na kuijua nafsi ni mlango wa ibada zote. Atajua kwamba ile ya kwanza dawa yake ni kuomba chakula, na ya pili dawa yake ni kutafuta haki au kusamehe.

Kuna mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza ni la wazee wetu, wanaosema mtoto akisikilizwa namna hii atadeka, na kwamba wao walichapwa wakawa watu. Nawaheshimu, lakini elimu yetu wenyewe haiwaungi mkono. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, anasema ukali mwingi kwa wanafunzi unawavunja nafsi, unawafundisha uongo na hila, na unawafanya waonyeshe nje yasiyo moyoni kwa kuogopa mkono. Anamtaja mwanachuoni aliyeweka mpaka wa mapigo matatu kwa mtoto inapolazimu. Kanuni za shule za Tanzania za mwaka 2002 zimeweka viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kwa makosa makubwa. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Popote utakaposimama katika mjadala huo, hutaona mahali palipoandikwa kwamba kukunja uso ni kosa la kuchapiwa. Nami darasani sidekezi. Anayempiga mwenzake anaomba radhi na anarudisha alichochukua, kisha ndipo tunakaa na kanga yake. Tunahukumu tendo, na hasira tunaisikiliza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuna wanaosema kwamba kuitoa hasira ni kuilisha. Kwa sehemu wana haki. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alitoa matokeo ya jaribio lake kwa wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wamekasirishwa makusudi. Waliopewa mfuko wa ngumi waupige huku wakimfikiria aliyewakosea walizidi hasira, na waliokaa kimya dakika chache walitulia kuliko wao. Kwa hiyo simwambii mtoto apige mto akidhani ni uso wa kaka yake. Kupiga ovyo ni hasira ikijirudia. Kuchora pindo mpaka lizunguke pande nne, kuchagua kitu kimoja tu cha kuweka mjini, kutafuta maneno machache yatakayoenea kwenye nafasi, hiyo ni hasira ikingoja. Mtoto anayesubiri rangi ikauke anajifunza subira kwa mikono yake, wala hakuna aliyemhubiria.

Na haya si mageni katika mafundisho ya Mtume. Katika hadithi zilizopokewa na Abu Daud, aliyekasirika hali amesimama anaelekezwa akae, na ikiwa bado, alale. Na katika nyingine anaelekezwa atawadhe. Baadhi ya wanazuoni wameitia dosari sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, ya hiyo ya udhu, lakini utazame mwelekeo wake. Mwenye hasira hakuachwa na katazo tupu. Alipewa kazi ya mwili wake: kukaa, kulala, kushika maji, kuosha uso na mikono kwa mpangilio.

Yapo mawili mengine ninayoyapenda zaidi. Mtume alimwambia Bibi Aisha kwamba anajua lini yu radhi naye na lini amemkasirikia. Akiwa radhi huapa kwa Mola wa Muhammad, na akiwa na hasira huapa kwa Mola wa Ibrahim. Aisha akakiri, akasema hakuna anachokiacha ila jina tu. Ndani ya nyumba ya Utume hasira ilikuwapo, ikapata njia yake ya adabu, na mwenye nyumba alikuwa ameisoma kwa upendo bila kuiadhibu. La pili ni la mtoto mdogo aliyeitwa Abu Umair, aliyekuwa na kindege akikichezea, kikafa. Mtume alipomkuta amehuzunika, alimwuliza habari za kindege chake, na swali lile alilisema kwa vina, jina la mtoto likilingana na jina la ndege. Mjumbe wa Mungu, mwenye mambo ya umma mzima mabegani, alitunga kina kwa ajili ya mtoto mmoja aliyefiwa na ndege. Asili ya hadithi zote mbili imo katika Bukhari na Muslim. Naye Ghazali aliandika kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze, kwani kumnyima mchezo na kumkalia kwa masomo tu kunaua moyo wake. Anayesema rangi na makopo hayana mahali katika malezi ya dini, na asome zaidi.

Mtoto anamjua Mungu kwanza kwa sura ya wakubwa wanaomlea. Akipeleka dai lake kwetu likapokewa kwa kofi, atawezaje kuamini kwamba yuko Mwenye kusikia dua? Ataswali kwa sababu ya fimbo, na fimbo ikiondoka hataswali. Lakini akiwa amezoea kwamba mnyonge husikilizwa, ataelewa kwa nini dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mungu. Ataelewa pia kwamba yeye naye, siku atakapokuwa na nguvu, atatakiwa kuwasikiliza wanyonge.

Nawaomba wazazi: mtoto anapovimba, kabla ya mkono kupanda, muulize swali moja, kisha mpe kitu cha kufanyia jibu. Kipande cha mkaa na sakafu ya uani vinatosha. Nawaomba walimu wenzangu wa shule watenge kipindi kimoja kwa wiki cha kuchora au kuigiza, wasikimbilie herufi tu. Walimu wa chuo nawaomba wawasomee watoto kisa cha Abu Umair kama wanavyowasomea visa vya vita. Na wazee wetu wenye mashairi na hadithi vichwani, waje madarasani watufundishie watoto kujibizana kwa adabu, kabla hawajafundishwa na ngumi za mtaani.

Kumnyamazisha mtoto mwenye dai si malezi, ni dhuluma, na dhuluma ni haramu hata aliyedhulumiwa awe na miaka mitano.